Siku Nilipomkanyaga Babu Farajala

Nilipokuwa mtoto, watu wazima walikuja nyumbani kwetu Kibra ili niwakanyage. Nilizaliwa nikitanguliza miguu, na bibi aliyenilea aliamini kwamba mtoto wa namna hiyo huja duniani na dawa ya mgongo kwenye nyayo. Ukishikwa na kiuno, ulilala kifudifudi mkekani, bibi akakupaka mafuta ya simsim, kisha mimi nikapanda na kutembea polepole kutoka kiunoni hadi mabegani, mara saba, yeye akinong'ona dua. Wengi waliinuka wakijinyoosha na kumshukuru Mungu.

"Lakini usimkanyage mtu ukiwa na hasira," bibi alizoea kunionya. "Dawa itageuka sumu."

Nikiwa mdogo kabisa nilijivunia kazi hiyo. Nilipoanza shule, wasichana wenzangu walinipachika jina la Kinyumenyume, na fahari yote ikaniishia. Nikawa nakaa nimeficha nyayo chini ya gauni, kana kwamba jina lile limeandikwa hapo.

Babu Farajala, jirani yetu, alikuwa askari mstaafu wa Keya, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni. Alibeba masanduku ya risasi vitani huko Tanganyika, na tangu hapo mgongo wake ulimkamata kila mvua zilipoanza. Yeye aliniita Daktari, bila mzaha, hata mbele ya wageni.

Alasiri moja alikuja amejikunja juu ya fimbo, hawezi hata kuinua uso atusalimie. Bibi akatandika mkeka uani. Mimi nilikuwa nje nikicheza na Zaituni na Mariamu, wasichana wa darasa letu.

"Bibi, leo hapana," nilimsihi nilipoitwa.

"Mtu anaumia, mwanangu. Panda."

Nikapanda. Nilikuwa nimefika mara ya tatu hivi niliposikia kicheko nyuma ya ua, kisha sauti ya Zaituni: "Njooni mwone! Kinyumenyume anamkanyaga mzee kama udongo wa kukandikia nyumba!"

Nilikuwa nimesimama kiunoni mwa mzee. Nikainua kisigino, nikakishusha kwa nguvu zangu zote.

Kwa miaka mingi nilitafuta namna nyingine ya kulieleza jambo hili, na hakuna. Mzee alitoa sauti ambayo sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuitoa. Nyuma ya ua nikasikia miguu ikikimbia.

"Umefanya nini?" bibi akaniuliza.

Kabla sijafungua mdomo, Babu Farajala alijibu, uso wake ukiwa bado mkekani. "Usimgombeze mtoto. Mimi ndiye niliyejitikisa, akateleza."

Hakuweza kuinuka. Wanaume walikuja wakambeba pamoja na mkeka. Mvua zote za mwaka ule alisalia ndani, akiswali kwa kukaa, na bibi alinituma nimpelekee uji asubuhi.

"Karibu, Daktari," alisema kila mara, akijaribu kujiinua anipokee.

Njiani nilikuwa nikiyapanga maneno ya kuomba radhi. Nikifika, niliweka bakuli chini na kukimbia. Alipoanza kutoka tena, alikuwa na fimbo mbili badala ya moja, na hakunyooka hadi tulipomzika. Bibi hakunipandisha tena juu ya mgongo wa mtu. Hakuniuliza kitu tena, na kutoniuliza huko ndiko kulikoniambia kwamba anajua.

Sasa mimi mwenyewe ni mzee, naishi Kawangware, na mgongo wangu umenipeleka kwa msichana mmoja anayekanda watu kwenye zahanati. Ana mikono mizuri. Hunigusa, huuliza, "Hapa, cucu?" akiniita bibi kwa Kikuyu, na nikishtuka tu huacha. Siku moja alinieleza kwamba mgongo wa mzee haufai kukanyagwa kabisa, hata na mtoto mwepesi. Niliona amenifungulia mlango wa kutorokea: ningeweza kusema tulikuwa wajinga, basi. Badala yake, nikiwa nimelala kifudifudi, nilimsimulia habari ya kisigino. Hakuna mtu mwingine niliyewahi kumwambia.

Kama nyayo zangu zilikuwa na dawa, sijui. Sumu ilikuwapo, nami niliitia kwa hiari.

Nilidhani atanikemea, nami nilitaka anikemee. Aliendelea kunikanda, taratibu kuliko mwanzo, nami nikauficha uso wangu kwenye shuka.