Kenge Niliyemfunika kwa Sweta

Mwaka huu nimefika Lodwar mara tatu kuuza mitumba, na kila mara nimelala kwa muuguzi mmoja mstaafu anayekodisha vyumba nyuma ya nyumba yake. Unanijua, rafiki; mimi sikai mahali. Nimeuza nguo Kagio, nikauza Nyeri mjini, nikahamia Isiolo, na bado miguu inaniwasha. Lakini safari hii ya tatu niliketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba ya yule mama, na nikashindwa kuinuka.

Ni kwa sababu ya mijusi yake. Anao wawili, wakubwa, wa kijani kilichochujuka, kila mmoja mrefu kuliko mkono wangu ukihesabu mkia. Anawaita iguana. Aliachiwa na daktari mgeni aliyerudi kwao, na anawafuga nje, ndani ya uzio wa waya chini ya mwarobaini. Nusu ya uzio ameiezeka makuti, nusu ameiacha wazi. Kuna beseni la maji, majani ya kunde, na tawi nene la kupanda. Asubuhi hiyo mmoja alikuwa amelala juani, macho ameyafumba nusu. Jua lilipozidi aliinuka polepole, akaingia kivulini. Baada ya muda akatoka tena.

"Hapa shida yangu ni jua kali tu," mama aliniambia, akiwarushia maji kwa kikombe. "Nikishawawekea kivuli na maji, mengine wanajipimia wenyewe."

"Na baridi ikija," nikamuuliza, "huwa unawafunika na nini?"

Alicheka mpaka kikombe kikamwagika. "Kuwafunika? Wewe mama wa Nyeri, ukifunika jiwe blanketi, litapata moto? Hawa hawana moto wao. Wanaazima kwa jua. Ukimfunika akiwa baridi, umemfungia hiyo baridi ndani."

Sikucheka. Nilikuwa na miaka tisa tena, nimesimama kwenye umande wa Mukurweini, kwetu Nyeri, nimeshika gunia.

Mama yangu nilimjua kwa picha tu. Nililelewa na nyanya, ambaye sote tulimwita cucu, kwenye shamba la kahawa lililoteremka hadi mtoni. Ukinitajia nyumbani, kwanza nasikia mfuniko wa kopo la maziwa ukigonga alfajiri, halafu nanusa moshi wa jikoni na maganda ya kahawa yaliyochacha kule kiwandani. Baba alikuwa dereva wa lori la kampuni ya kutengeneza barabara, huko kaskazini kunakoitwa jangwani. Alikuja nyumbani mara mbili au tatu kwa mwaka, na vumbi jekundu kwenye mikunjo ya shingo.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule alikuja na gunia lililokuwa likitikisika. Ndani mlikuwa na kenge. Wafanyakazi wenzake walikuwa wamempiga mawe kambini, mguu mmoja wa nyuma ukavunjika, na baba akamchukua kabla hawajamaliza kazi. Alikuwa wa rangi ya udongo, mwenye madoa meupe mgongoni na ulimi kama uzi uliopasuliwa. Jirani yetu wa ng'ambo ya ua, mwanamke mwenye mdomo usiopumzika, alichungulia akapiga kelele.

"Ati umeleta nini hapa? Hiyo ni nyoka iko na miguu! Cucu, itamaliza kuku zako, halafu ianze wewe!"

"Mimi niko na mifupa tu," cucu akajibu. "Itachoka kutafuna."

Tulimwita Mgeni. Siku ya tatu cucu alikwenda pale kibandani, kibanda cha zamani cha kuku kilichobaki waya mtupu, akamwonyesha jembe. "Siku zako mbili zimeisha," akamwambia. "Utalima wapi?" Lakini ndiye aliyekuwa akimwekea mayai yaliyopasuka, ingawa hakukubali kumgusa. Mimi nilimkamatia panzi. Ndani ya kibanda baba alikuwa amevingirisha jiwe pana, na kila asubuhi Mgeni alijikokota hadi juu yake, akatandaza tumbo, akangoja jua lishuke kutoka upande wa mlima. Alipopata moto, hata ule mguu mbovu ulikuwa kama umepona.

Siku ya kuondoka, baba alichuchumaa mbele yangu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Huyu ni wa joto," alisema. "Usimwache aone baridi. Nikirudi nimkute."

Nikirudi nimkute. Kwa mtoto ambaye baba yake huondoka kila mara, maneno hayo yalikuwa mkataba. Moyoni nilijua kwamba Mgeni akiwa hai, baba lazima arudi.

Kisha ikaja gathano, ule msimu wetu wa ukungu unaoanza mwezi wa sita. Wewe wa nchi za joto huwezi kuijua. Mlima unapotea, jua linakuwa kama sarafu nyuma ya nguo chafu, na nguo zilizofuliwa Jumatatu zinavaliwa Ijumaa zikiwa bado mbichi. Mgeni aliacha mayai. Akaacha kupanda jiwe. Nikimgusa, alikuwa baridi kama bomba la maji.

Na kwetu, rafiki, kila kitu hufunikwa. Moto hufunikwa kwa majivu ili uamke asubuhi. Miche ya kahawa hufunikwa kwa majani ya migomba. Ndama aliyezaliwa kwenye mvua hufunikwa gunia. Cucu alikuwa na msemo wake: kilichofunikwa hakifi. Basi nikamweka Mgeni kwenye sanduku la mbao, nikamtandikia majani makavu ya migomba, nikamfunika magunia matatu. Juu ya ngozi yake kabisa, kabla ya magunia, niliweka sweta yangu ya shule. Nilikwenda shuleni nikitetemeka, na nilijiona mtu mwema.

"Cucu," nilimwambia kila asubuhi, "usimfunue. Baba alisema asione baridi."

"Nimesikia."

Siku ya nane au ya tisa, karibu na saa sita mchana, ukungu ulipasuka. Jua lilitoka lote mara moja, mabati ya shule yakaanza kulia. Mwalimu wetu aliweka chaki chini. "Tokeni nje," alisema, "mkaote jua kama mijusi." Tukatoka tukipiga mayowe, tukalala kwenye nyasi za uwanja. Nakumbuka joto likiingia mgongoni mwangu taratibu, kama mtu anayenimiminia chai. Nililala pale karibu saa nzima. Sikumfikiria hata kidogo.

Niliporudi, cucu alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya sanduku, na jua lilikuwa limeshapita upande wa pili. Magunia yalikuwa yamefunuliwa.

"Nilikuja hapa mara mbili," alisema. "Nilishika gunia, nikasema nimfunue aone hili jua. Lakini ulikuwa umenikataza. Sasa hivi nimeona nimfunue tu."

Mgeni alikuwa amejikunja ndani ya sweta, mkavu, mgumu. Tulimweka juu ya jiwe lake hadi jioni, kisha asubuhi, kisha siku nzima iliyofuata. Hakuamka. Ni yule jirani aliyechimba shimo, chini ya mgomba. Safari hii mdomo wake ulipumzika. Alipomaliza tu ndipo akasema, "Pole, mama," akiniita mimi mama, kana kwamba nimefiwa na mtoto.

Sikuigusa tena ile sweta. Ilining'inia msumarini jikoni wiki nyingi, na cucu hakunilazimisha.

Baba alirudi mwezi wa tisa. Alitazama kibanda, akanitazama mimi.

"Baridi ilimchukua," cucu akasema haraka.

Nikalia. "Nilimfunika, baba. Na magunia matatu, na sweta yangu. Nilimfunika vizuri!"

 Baba akaweka mkono wake mzito kichwani pangu. "Ulimfunika vizuri," alisema. "Ulifanya vile nilikuambia."

Akaingia jikoni, akaitoa sweta msumarini, akaipeleka kwenye pipa la maji pamoja na kipande cha sabuni. Jirani alichungulia ua. "Ngai! Leo mwanamume anafua!"  Baba aliifua mara mbili, akaianika kwenye ua wa miiba ya kaiyaba, akakaa pale akiigeuza kila jua liliposogea, mpaka ikakauka. Kisha akanivalisha. Ilikuwa na moto wa jua.

Cucu ameondoka, na baba pia. Kahawa iling'olewa, siku hizi ni maparachichi. Ua wa kaiyaba ulikatwa, pakajengwa ukuta. Lile jiwe walilipasua kuwa kokoto za msingi wa nyumba ambayo siijui. Nikipita Mukurweini sishuki.

Lakini juzi, kule Lodwar, nilihesabu miaka ambayo baba aliishi jangwani. Miaka ishirini na zaidi, akiamka kila siku na kuona kenge wakitafuta jua juu ya mawe. Jiwe la kibandani alilivingirisha yeye mwenyewe. Alijua. Siku ile aliposikia habari ya magunia, alielewa kilichotokea kabla sijamaliza kusema, na hakuniambia, si siku ile, wala nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto.

Yule iguana alitoka tena kivulini, akatandaza tumbo juani. Mama muuguzi aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni jua tu.