Sweta ya Kijani Lisbon

Tulisafiri kwa sababu ya simu moja. Teresa alinipigia kutoka Lisbon kunieleza kwamba mama yake, Bi Lurdes, ameanza kusahau watu. "Dada Mwanahawa, walete watoto sasa," alisema. "Usingoje mwakani."

Bi Lurdes alikuwa jirani yetu hapa Rosettenville, Johannesburg. Mimi nikiwa kwenye cherehani, yeye ndiye aliyewalea Zuhura na Idi, akiwalisha na kuwafumia sweta, mpaka alipoanguka na bintiye akaja kumchukua. Wanangu humwita Vovó, yaani bibi kwa Kireno. Bibi yao wa Tanga wanamjua kwenye simu tu.

Asubuhi ya kuondoka, vioo vya magari vilikuwa na barafu. Mimi mtu wa Tanga, nikisikia Ulaya nawaza baridi, basi nikajaza begi sweta na kofia za sufu. Shoga yangu Aziza alilikalia mpaka zipu ikafunga.

Ndani ya ndege Zuhura, wa miaka saba, alikataa kulala. "Mama, na Vovó asipotutambua?"

Nikamwambia atatutambua. Sikuwa na uhakika hata chembe.

Lisbon, saa nane mchana, jua lilitupokea bila huruma. "Eish, Mama," alisema Idi wa miaka minne, akivua kofia. "Baridi iko wapi?" Teresa alicheka hadi akaegemea gari. "Dada, huku Julai ni kiangazi!"

Usiku ule tulilala kwenye chumba cha kupanga, na siku ya pili tulitembea kwanza, maana Bi Lurdes huamka vizuri baada ya usingizi wa mchana. Tulipanda tramu ya njano iliyopita karibu sana na madirisha, hata Idi akamsalimia mwanamke aliyekuwa akipiga pasi. Nyumba nyingine zimebandikwa vigae vya buluu kutoka chini hadi juu. Idi akauliza kwa nini watu hawa wameweka bafu nje.

Kule juu kwenye ngome kuna uwanja mpana. Mimi nilikuwa nimewakamata watoto mikono, mkoba nimeubana kwapani, kama ninavyopita Jeppestown, mtaa wa vibaka kwetu. Mzee mmoja kwenye benchi alinipungia mkono: waache. Nikawaacha. Sijawahi kuwaona wanangu wakikimbia mbali vile, na nilifuta machozi nikisingizia jua. Zuhura alikimbia na sweta yake ya kijani mwilini, jasho likimtiririka. Tangu asubuhi nilimsihi aivue. "Vovó ataijua," alinijibu.

Saa kumi tulifika kwa Teresa. Bi Lurdes alikaa dirishani, amekonda. Alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. Idi alijificha nyuma ya gauni langu.

"Vovó, ni mimi," alisema Zuhura.

Kisha bibi alimshika mkono. Mkono wa sweta ulikuwa umeishia mbali na kifundo. Akaupindua, akapapasa mishono yake kwa vidole, akasema kwa Kiingereza chake cha Rosettenville, "Huu umekuwa mfupi. Umekua, mtoto wangu."

Jina hakulitaja, siku zote tano. Lakini aliagiza sindano za kufumia. Uzi wa kijani haukupatikana, akachukua mwekundu, na kila alasiri Zuhura aliketi miguuni pake amenyoosha mkono apimwe. Kuanzia siku ya tatu Idi naye alimpanda mapajani.

Tumerudi Johannesburg, na barafu bado iko kwenye vioo. Nilikwenda nikiogopa kusahauliwa. Nimeona kwamba mtu anaweza kupoteza jina lako na bado akakupenda, na hilo limenituliza.

Mkono mmoja tu wa sweta nyekundu tuliyorudi nayo ndio uliokamilika. Wa pili bado mfupi. Mimi ni fundi, nikasema niumalizie.

Zuhura akaukumbatia. "Huo ni wa Vovó," alisema. "Tutampelekea aumalizie."