Mama Alitaka Kugusa Barafu ya Alberta

Mama aliniambia anataka kurudi Taveta Jumapili moja tulipokuwa tukitoka kanisani. Alikuwa ameshafunga mkanda wa gari, mkoba wake mapajani. "Mshai, mimi nimetosheka na Amerika," alisema. "Nirudishe nyumbani."

Nilikuwa nimemleta kwangu DeSoto, karibu na Dallas, Texas, miaka miwili kabla, baada ya daktari kule kwetu kugundua kwamba ana presha ya macho, ule ugonjwa unaokula macho polepole bila maumivu. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya Plano, upande wa pili wa Dallas. Nilijiambia hakuna mahali mama wa muuguzi angetunzwa vizuri kuliko nyumbani kwa muuguzi. Mume wangu alikuwa amefariki, watoto wangu wawili walikuwa chuoni majimbo ya mbali, na nyumba ilikuwa kubwa kunizidi. Kila asubuhi niliingia barabara kuu kuelekea kaskazini, naye alibaki na redio na chupa ya dawa ya matone.

Nilifanya kile ambacho watu hufanya wakiogopa kujibu: nilimwahidi kitu. "Chagua mahali popote, Mama, twende tukatembee. Tukirudi tutaongea."

Nilidhani atasema Houston, kwa binamu yangu. Akasema, "Nataka kugusa barafu."

"Si iko kwa friji?" nilimtania.

"Ile ya friji ni maji yaliyofungiwa. Mimi nataka ile iliyojilalia yenyewe."

Aliyezaliwa Taveta huamka akiona theluji ya Kilimanjaro ng'ambo ya mpaka wa Kenya na Tanzania. Mama aliuza ndizi sokoni miaka yote ya utoto wangu akiwa na mlima ule mbele yake, na hakuwahi kuukaribia. Basi nikampigia Rehema, tuliyesomea naye uuguzi Mombasa, ambaye sasa yuko Calgary, katika mkoa wa Alberta, Kanada. "Mlete!" Rehema alipiga kelele kwenye simu. "Huku barafu ni ya kumwaga!"

Alhamisi asubuhi tuliondoka uwanja wa ndege wa Dallas, DFW. Ilikuwa mwanzo wa Septemba, na hata kabla jua halijapanda joto lilikuwa limeshaanza kutushika shingoni. Mama alivaa sweta mbili na koti, akakataa kuvua hata moja. Kwenye ukaguzi alinishika mkono juu ya kiwiko na hakuuachia hadi tulipoketi. Niliona ni woga wa umati. Ndege ilichukua kama saa nne. Afisa wa Calgary alipotazama kadi yake ya kijani ya ukaazi wa Marekani na kumuuliza amekuja kufanya nini, Mama alimjibu kwa Kiingereza chake cha sokoni kwamba amekuja kusalimia mlima. Afisa akacheka, akatupitisha.

Rehema alitupokea na blanketi ndani ya gari na chai kwenye chupa. Nyumbani kwake kulikuwa na ugali, sukuma wiki na nyama ya kukaanga. Mama alikula vizuri. Niliona anagusa ukingo wa sahani kwa kidole kabla ya kuchota, nikafikiri ni adabu za ugenini.

Ijumaa tuliingia Banff, mwendo wa kama saa moja u nusu kutoka Calgary. Barabara inakwenda kwenye tambarare ya nyasi za manjano, halafu ghafla milima inasimama pande zote mbili, mawe ya kijivu yaliyokunjwakunjwa kama nguo zilizotolewa kwenye beseni. Rehema alikuwa anaendesha. Mimi nilikuwa nimegeuka nyuma kumtazama Mama, nikimwambia, "Angalia ule! Angalia na ule!" naye akiitikia, "Naona, naona. Mungu ni mkubwa."

Mjini Banff tulipanda kibanda cha vioo kinachovutwa kwa nyaya hadi kileleni mwa Mlima Sulphur. Ndani tulikuwa watatu tu. Chini yetu misonobari ilikuwa ikizidi kuwa midogo, na mto ulikuwa umejipinda bondeni, rangi yake ya maziwa yaliyotiwa samli. Rehema alifumba macho njia nzima kwa kuogopa. Mama alikaa wima, uso wake umeelekea dirishani, bila hofu yoyote.

"Mama yako ni shujaa," Rehema alisema tuliposhuka.

Jumamosi saa tatu asubuhi tulikuwa Ziwa Louise. Siku za msimu wa watalii huwezi kufika huko na gari lako ukategemea kupata nafasi ya kuliacha, kwa hiyo Rehema alikuwa ame-book basi la abiria siku nyingi kabla. Nimeona picha nyingi za ziwa hilo na nilidhani rangi zimeongezwa. Hazijaongezwa. Maji ni ya buluu iliyochanganyika na kijani, hayaonyeshi ndani kama kioo bali yamejaa kitu laini, unga wa mawe uliosagwa na barafu. Mbele kabisa, mwisho wa ziwa, mlima umebeba barafu yake begani. Nyuma yetu, ukingoni mwa maji, kuna hoteli kubwa yenye kuta nyeupe na madirisha mamia.

Rehema alikwenda kununua kahawa. Nilimwacha Mama amesimama kidogo kandokando ya njia ili nimpige picha. Watu walikuwa wengi, mmoja akampita karibu sana, naye Mama akageuka kumpisha. Niliporudi kumchukua, alikuwa ameipa mgongo ile barafu na kuelekea hotelini. Akainua mkono, akaionyesha ile hoteli.

"Lo!" alisema kwa sauti ya furaha. "Barafu hiyo imejaa kweli. Inameremeta. Ni kubwa kushinda ya kwetu."

Nilitaka kucheka. Kisha nikaona kwamba anasubiri niitikie.

Nilimshika mkono, nikamkalisha kwenye benchi. Nikainua vidole vitatu mbele ya uso wake, kama ninavyofanya kwa wagonjwa. "Mama, hivi ni vingapi?"

Alipapasa hewani, akaushusha mkono wangu. Halafu akasema, "Mshai, usinifanyie mambo ya hospitali hapa mbele ya watu."

"Unaona nini?"

"Naona mwanga. Naona kuna kitu cheupe na kitu cheusi. Wewe nakuona kidogo ukisogea karibu."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Ilikuwa Septemba. Tangu Pasaka nilikuwa nimeishi naye nyumba moja. Mimi, ambaye kazini husifiwa kwa kuona mabadiliko ya mgonjwa kabla ya daktari, nilikuwa nikimbusu mama yangu kila asubuhi na kukimbilia gari. Alinieleza bila kujitetea. Hatua kumi na moja kutoka kitandani hadi bafuni. Hatua tisa hadi jikoni. Runinga aliisikiliza. Alinijua nimerudi kwa jinsi ninavyotupa funguo. Hata kule kliniki, herufi zile za ukutani alikuwa amezikariri kutoka kwa mgonjwa aliyemtangulia, mlango ukiwa wazi.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilikuwa nimepandisha sauti. Mama mmoja aliyekuwa na watoto aligeuka kututazama.

"Ningekuambia, ungenifungia. Ungesema sasa haiwezekani kabisa kurudi Taveta."

Alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Rehema alitukuta bado tumekaa kwenye benchi, vikombe vitatu mikononi mwake. Nilipomweleza, nilimwambia pia kwamba tunarudi Calgary mara moja, nitafute ndege ya jioni, Jumatatu awe mbele ya daktari wake. Rehema alinitazama kiuguzi. "Kilichopotea kwa ugonjwa huo hakirudi," alisema polepole. "Wewe unajua. Siku moja itabadilisha nini?"

"Mimi sikuja kuona," Mama akaingilia. "Nilisema nataka kugusa. Hamkunisikia?"

Jumapili tulishika barabara ya kwenda Jasper, ambayo watu wengi huiita nzuri kuliko zote Kanada. Safari hii nilikaa nyuma pamoja na Mama. Nilianza kama kawaida: huu ni mzuri sana, Mama, huo nao ni mzuri ajabu.

"Usiniambie ni mzuri," alisema. "Niambie ukoje."

Ikabidi nitazame kweli. Nikamwambia kuhusu maporomoko membamba yanayoning'inia kwenye mwamba kama uzi uliochomoka kwenye pindo. Kuhusu Ziwa Peyto, ambalo ukilitazama kutoka juu lina umbo la mnyama mwenye masikio mawili. Kuhusu misonobari iliyoungua, kijivu mitupu, na chini yake maua ya zambarau. Aliuliza maswali: miti inaanzia wapi, inaishia wapi, kivuli kinaanguka upande gani. Niliendelea hadi sauti ikanikauka, na ndipo nikagundua sijawahi kutazama mahali popote kwa namna hiyo.

Saa saba mchana tulifika kwenye barafu ya Athabasca. Ni kama mto mpana ulioganda ukiwa unateremka kati ya milima miwili. Tulipandishwa juu yake na basi lenye tairi zinazomzidi mtu urefu. Tuliposhuka upepo ulitupiga usoni kwa ubaridi ambao sijauona Texas. Mama alivua glavu. Akapiga magoti, mimi nikimshika bega, akalaza viganja vyote viwili kwenye barafu.

Alipapasa, akatafuta nyufa kwa kucha. "Ina chembechembe," alisema. "Nilidhani ni laini kama kioo. Kumbe ni kama chumvi ya mawe." Kisha akainamisha sikio. "Na chini kuna maji yanaongea."

Msichana aliyetuongoza alikuja kuchutama kando yake. Alimweleza kwamba barafu hiyo inarudi nyuma kila mwaka, na kwamba kule chini kuna vibao vinavyoonyesha ilikofika zamani. Nilimtafsiria Mama.

"Mwambie na ya kwetu hivyo hivyo," Mama alisema. "Nilipokuwa msichana ilikuwa shuka. Nilipoondoka ilikuwa kofia."

Msichana yule aliomba nirudie, halafu akamshika Mama mkono, wote wawili wakakaa hivyo.

Nilipomwinua, Mama alikuwa analia na kucheka. "Sikiliza, Mshai," alisema. "Kule nyumbani najua ukuta wa soko kwa mkono. Najua sauti ya kila mtu. Kule nitakuwa mama wa ndizi ambaye haoni tena. DeSoto mimi ni mgonjwa anayehesabu hatua."

Jumatatu, kabla ya kurudi Calgary, tulipita kwenye maji ya moto ya Banff, bwawa la wazi lililo kwenye ubavu wa mlima, mvuke ukipanda juu. Mama aliingia na nguo ya kuogelea ya Rehema iliyompwaya. Akaegemea ukingo kati ya wanawake wawili wazee wa huko, na kwa nusu saa wakaongea kuhusu magoti yao, kila mmoja kwa Kiingereza chake.

Jumanne tulirudi Dallas. Wiki hiyo hiyo nilimpeleka kliniki Plano, na safari hii nilimwomba daktari asitumie herufi za ukutani. Alithibitisha tuliyoyajua. Matone yataendelea, ili mwanga uliobaki usiondoke.

Tulipofika kwenye gari sikuwasha injini. Nilimwambia nimeomba likizo ya Desemba. Nitampeleka Taveta mwenyewe, nikae naye mwezi mzima, nimfundishe mke wa kaka yangu kumtia dawa. Nilitegemea atashangilia. Alifungua mkoba wake, akaufunga tena.

"Na wewe?" aliuliza. "Nani atakaa na wewe?"

Sikumwelewa.

"Mume wako alipofariki ulinipigia simu ukilia kila siku, mwezi mzima," alisema. "Unafikiri nilipanda ndege kwa sababu ya macho? Macho yangeharibika popote. Nilikuja ili ukirudi kazini ukute mtu nyumbani. Nilisubiri upate nguvu. Jumapili ile kanisani nilikusikia ukiimba, nikajua sasa naweza kuondoka."

Niliweka kichwa kwenye usukani. Miaka miwili nilikuwa nimewaambia wenzangu kazini kwamba nina mama wa kutunza, nikisifiwa, nikipokea pole zao. Mkono wake ukanitafuta, ukapita kwenye gia, ukafika begani mwangu, ukabaki hapo.

"Washa gari, mwanangu," alisema. "Kuna joto."