Hela Nyuma ya Bikira Maria

Baba yangu alikuwa tarishi wa ofisi ya kata pale Chala, na mshahara wake ulitoka ofisini, ukapitia kilabuni, ukafika nyumbani umechoka. Hakumwogopa mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa wala polisi. Aliyemwogopa ni Bikira Maria peke yake, aliyetundikwa sebuleni ndani ya fremu ya mbao. Akirudi amelewa alipita mbele ya picha ile kaziba mdomo, harufu isimfikie.

Ndiyo maana mama alificha hela zake nyuma ya fremu hiyo. Alizipata kwa kupika pombe ya ulezi, na zilikuwa za shida tu. Uzazi wake wa mwisho nusura umuue, sasa alikuwa mjamzito tena, na mganga wa zahanati alishamwonya kwamba huyu akazaliwe hospitali, Sumbawanga. Posta hakutaka kuzipeleka, maana kijijini ukijulikana una akiba unaitwa mlanguzi. Aliyejua siri hiyo ni mimi tu, binti yake mkubwa.

Shida ya kwanza ikamwangukia baba mwenyewe. Asubuhi moja ngiri ilimbana, akawa anagaagaa sebuleni, chini ya ile benki ya mama kabisa. Lori la mahindi lilikuwa linaondoka kwenda Sumbawanga na dereva alitaka nauli mkononi. Mama akaitazama picha, akamtazama mumewe.

"Fumba macho tusali."

"Nakufa, mama watoto!"

"Ndiyo tusali sasa. Fumba!"

Akafumba. Mama akaanza Salamu Maria kwa sauti kubwa, mkono ukipapasa nyuma ya fremu. Alipofika "amina" nauli ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga.

Baba akapasuliwa, akapona, akarudi mcha Mungu wa kukera. Alisadiki kwamba dereva yule alilainishwa na sala, na mama angemsahihishaje? Jumapili moja, mama akiwa kisimani, baba akaitungua picha akaipeleka kanisani iwe shukrani, na hela zilizobaki zikiwa humohumo. Mama alirudi na ndoo kichwani akakuta msumari.

Tukakimbilia kanisani. Picha ilikuwa imeshapigiliwa juu ukutani, na baba anatoa ushuhuda. Mama akabubujikwa na machozi. Waumini wakapiga vigelegele, wakidhani ni imani.

Kumwendea padre haikuwezekana, kwani alishatangaza kuwa wapika pombe atawanyima komunyo. Basi mama akajitolea kufagia kanisa. Kila Jumamosi alifagia na tumbo lake, watu wakimsifu, na kila Jumamosi katekista alikuwa hapohapo anafundisha watoto. Niliwakasirikia wote, Bikira akiwemo. Tumbo lilikuwa linazidi kushuka, na nilikuwa na hofu kwamba mama atafia nyumbani huku nauli yake inaning'inia kanisani.

Mimba ilipofika mwezi wa nane, katekista akaugua malaria. Mama alishikilia benchi, mimi nikapanda. Hela zilikuwepo zote. Mama akachomoa noti moja akaitumbukiza kwenye sanduku la sadaka. Nikamwuliza kama amechanganyikiwa.

"Amenitunzia miezi miwili, hajanywea hata senti," alisema. "Baba yako ningemwachia siku moja?"

Uchungu ulipomshika hatukubembeleza dereva. Mdogo wangu alitolewa kwa kisu, na daktari alisema tungechelewa kidogo wangekufa wote wawili. Baba alitukuta wodini kesho yake, kofia mkononi, akauliza nauli tulipata wapi.

Mama alikuwa amelala macho wazi, midomo imemkauka, mtoto ubavuni. Alikuwa hai, na mimi sikutaka kitu kingine chochote duniani.

"Alinipa Bikira Maria," mama akamjibu.

Baba akapiga magoti katikati ya wodi. Nesi akamwambia asogee, anazuia njia.