Radi na Mtaa Uliotaka Kimya

Kila alasiri, jua likianza kulegea, Radi aliitoa dramu yake ndogo nje ya ukumbi, akaiweka kando ya barabara chini ya bango la taa, akakalia kigoda chake na kuuita mtaa. Hiyo ilikuwa desturi ya wapiga dramu wote wa mtaa ule wa starehe, enzi mtaa ulipokuwa mtaa. Kila ukumbi ulikuwa na bendi yake, na kabla taa hazijawashwa, kila mpiga dramu aliketi mlangoni kwake akigonga mdundo wake, hata mpita njia akajua kwa sikio tu nani anapiga wapi leo. Mafundi viatu walipigilia visigino kwa kufuata midundo hiyo. Wapiga pasi walinyoosha mashati ya watu wenye ahadi. Na waliokaa ghorofani, juu ya maduka, wakipendezwa walitoka kwenye roshani na kuinua mikono yote miwili juu, maana yake: ongeza, baba, ongeza!

Sasa kazi hiyo alibaki nayo yeye peke yake. Wenzake wengine wamelala makaburini, wengine wamelala kwa watoto wao mbele ya televisheni, na Radi hakuona tofauti kubwa baina ya hao na wale. Ukumbi wa jirani siku hizi unauza kahawa iliyochorwa ua juu ya povu, mteja anaipiga picha mpaka inapoa. Unaofuata unauza simu. Ng'ambo ya barabara, walipokuwa mafundi viatu na wapiga pasi, limesimama ghorofa la vioo, na wakazi wake wamehamia mtaa wa starehe ili, ajabu ya maajabu, wapate usingizi.

Radi si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na wachezaji, ujanani mwake, kwa jinsi alivyoweza kumwamsha mlevi aliyelala chini ya meza ya mwisho kabisa. Bendi aliianzisha pamoja na kaka yake, mwimbaji. Kaka alipofariki, binti yake ndiye aliyeshika maikrofoni na uongozi, mwanamke mwenye sauti nzito ya baba yake na ulimi mkali wa mama yake. Alimwita Radi "Baba Mdogo" hata jukwaani. Naye mke wa Radi, aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Tiketi, alikaa miaka nenda miaka rudi kwenye kidirisha cha mlangoni akiuza tiketi, mpaka tiketi zilipohamia kwenye simu na kidirisha kikazibwa kwa mbao. Tangu hapo alikuja ukumbini kwa mazoea tu, akifuta glasi ambazo hakuna aliyemwambia azifute.

Basi alasiri moja Radi yuko kwenye kigoda chake, anauita mtaa, mara akatokeza mwanamke kwenye roshani ya lile ghorofa la vioo, amevaa gauni la kulalia, nywele timtim. Mwanamke akafungua mdomo, akasema maneno marefu. Kisha akainua mikono yote miwili juu.

Moyo wa Radi ulichanua. Kumbe bado wapo! Akamwinamia kwa adabu, akakaza vijiti, akamwongezea. Mwanamke akainua mikono tena, safari hii anaitikisa. Radi akatoa alichonacho chote, jasho likamtiririka mpaka kwenye kola. Mwanamke akajishika kichwa, akarudi ndani na kubamiza mlango. Radi akajiambia kwamba utamu umemzidi, maskini.

Kesho yake walikuja watu wawili. Mmoja alikuwa ofisa wa jiji na kifaa chake cha kupimia kelele. Wa pili alikuwa Bosi Mdogo, aliyerithi ukumbi wa marehemu baba yake bila kurithi masikio yake. Huyu ndiye aliyeleta disko la kimya. Vijana wanalipa, wanapewa hedifoni, wanacheza kila mtu na wimbo wake kichwani, mmoja anaruka, mwenzake anayumba taratibu, na ukichungulia mlangoni husikii ila viatu vinavyokwaruza na mtu mmojammoja anayeropoka kipande cha wimbo bila ala. Siku ya kwanza Radi alipochungulia aliuliza, "Jamani, wanamzika nani?"

Ofisa alipoondoka, Bosi Mdogo aliwaita Radi na binti wa kaka yake.

"Mzee wangu, nisikilize," alisema. "Lalamiko lingine likija, ukumbi unafungwa. Siwezi kufungiwa kwa ajili ya dramu. Jumamosi jioni pigeni, saa za mapema, kabla ya disko. Mkiweza kupiga chini, mtaendelea. Mkishindwa, hapa patakuwa disko la kimya siku zote, na sisi tutaagana vizuri."

"Tutapiga chini," binti alijibu haraka.

"Chini kama wapi?" Radi aliuliza. "Mbona mimi tayari niko chini?"

Hakuna aliyecheka.

Kwenye mazoezi binti alimletea brashi za waya badala ya vijiti. Radi alizigeuzageuza mkononi. "Hizi ni za kupigia dramu au za kusugulia masufuria?"

"Jaribu tu, Baba Mdogo."

Akajaribu. Wimbo haujafika mbali, binti akainua mkono, bendi ikanyamaza.

"Baba Mdogo, shuka."

"Nimeshuka."

"Uko juu."

"Nimeshuka mpaka naona haya! Niteremke wapi tena, niingie chini ya sakafu?"

Mpiga besi aliangua kicheko. Lakini binti hakucheka. Aliacha maikrofoni, akazunguka taratibu mpaka nyuma ya kiti cha Radi, akasimama hapo.

"Baba Mdogo," akasema kwa sauti ya kawaida, "chai yako imepoa. Niimwage?"

Radi alikuwa anafuta sahani ya shaba ya dramu yake kwa leso.

"Baba Mdogo, nimwage chai?"

Radi aliendelea kufuta. Mpiga besi aliinamisha kichwa, akajifanya anakaza nyuzi zisizolegea. Binti akazunguka tena, akapiga magoti mbele yake, macho yamemjaa maji.

"Nimekuita mara mbili."

"Saa ngapi?"

"Husikii, Baba Mdogo. Husikii wewe."

Radi akaziweka zile brashi juu ya dramu, polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akachukua kofia yake na kuondoka.

Nyumbani kwao ni vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Radi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamsubiri amtazame.

"Ulijua?"

Mama Tiketi aliacha kukunja. "Mume wangu, tangu lini umeniona nikizungumza nawe nimekupa kisogo? Hujawahi kujiuliza kwa nini nikiwa na neno nakuja mpaka puani pako?"

"Nilidhani ni mapenzi."

"Na hayo yamo."

Radi akacheka kidogo. Akasema atamwambia binti atafute mtu mwingine. Hawezi kupiga chini kitu ambacho hata kikiwa juu hakisikii. Wamchukue kijana.

"Kijana gani? Wale wanaopiga dramu kwa kubonyeza?" Mama Tiketi alimtupia shati alikunje. "Kwanza kesho tunakwenda kwa yule mwanamke wa roshani. Binti ameniambia ndiye aliyelalamika, na ulivyomtesa. Ukamwombe radhi, ndipo tuzungumze habari za kutafuta mtu."

Walimkuta amekwisha kuamka, anajiandaa kwenda kazini. Alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, na alifungua mlango uso umekunjwa kama karatasi. Radi alivua kofia.

"Mwanangu, nisamehe. Ulipoinua mikono nilidhani unaniomba niongeze."

"Uongeze?"

Ikabidi aeleze mambo ya roshani za zamani na mikono iliyoinuliwa. Muuguzi alimsikiliza, mdomo ukaanza kumcheza, halafu akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Baba! Mimi nakulilia unihurumie, wewe unaniinamia!"

"Niliona umependa."

"Nilikaribia kukurushia chungu cha maua." Akapangusa macho. "Sina ugomvi na ngoma, baba yangu. Narudi asubuhi, nalala mchana, na alasiri ndiyo usingizi wangu mtamu. Nisubirini nitoke. Ukiniona nimeshuka na begi langu, piga. Ila humu ndani wamo pia wenye watoto wachanga."

Mama Tiketi alipomweleza habari ya masikio na ya Jumamosi, kwa mazoea ya kazi yake alimvuta Radi karibu na dirisha, akammulika masikioni kwa taa ya simu. Alimwambia aende hospitali akapimwe. Yaliyokwenda yamekwenda, yaliyobaki yanaweza kusaidiwa, lakini si kufikia Jumamosi.

"Na kabla ya Jumamosi?" Mama Tiketi aliuliza.

Muuguzi alifikiri. "Kule wodini, mgonjwa asiyesikia tunampa kitu cha kutazama."

Njiani Mama Tiketi alitembea akitazama miguu yake. Walipofika mbele ya ukumbi alisimama, akamgeukia Radi, puani pake kama kawaida.

"Utanitazama mimi."

"Nikutazame nini?"

"Miguu. Nitacheza mbele yako. Ukiwa juu, nitafupisha hatua. Ukishuka vizuri, nitazirefusha."

Radi alimkodolea macho. "Wewe hujawahi kucheza."

"Ningecheza saa ngapi, na mimi nimefungiwa kidirishani nauza tiketi? Mji mzima umecheza dramu yako, isipokuwa mkeo."

Neno hilo lilimkata maini kuliko habari ya masikio. Alijaribu kukumbuka hata usiku mmoja, sherehe moja, akakosa. Siku zote yeye alikuwa juu, mkewe mlangoni, na ukumbi uliojaa watu na wenzi wao ukiwa katikati.

Nyumbani walisukuma meza ukutani. Radi alipiga brashi juu ya kigoda kilichofunikwa blanketi, mkewe akacheza peku baina ya kitanda na kabati. Mwanzoni walikuwa kichekesho. Radi alikuwa akinogewa, mkono unakwea wenyewe, na Mama Tiketi anaanza kutembea kama kuku kwenye matope, vihatua vidogovidogo, mpaka aone na kushuka. Mara mbili Radi aligombana naye. "Unafupisha kwa makusudi!" "Nafupisha kwa sababu mwenye duka la vitambaa amekuja kugonga ukuta!" Lakini siku zilivyokwenda, hatua zikawa ndefu zaidi, na goti lake bovu likasahau ubovu wake.

Jumamosi muuguzi alishuka na begi lake, akampungia Radi mkono kutoka ng'ambo, akaenda zake. Bendi ikapanda jukwaani kukiwa bado na mwanga mlangoni. Waliokuja walikuwa wachache, wengi vijana waliowahi disko, hedifoni zinaning'inia shingoni. Bosi Mdogo alisimama karibu na mlango na kifaa cha kupimia alichoazima kwa ofisa.

Binti alihesabu, wakaanza.

Radi hakusikia kitu, ila mtetemo hafifu mapajani. Kwa mara ya kwanza maishani alipiga kama mtu anayetembea gizani nyumbani kwa watu. Akainamisha kichwa, akatafuta miguu ya mkewe. Mama Tiketi alikuwa amevaa viatu vyeusi vya mikanda, peke yake katikati ya sakafu tupu, na hatua zake zilikuwa fupi. Radi akashuka. Bado fupi. Mikono ilimwasha kwa tamaa ya zamani, ikimwambia: kidogo tu, wakujue wewe nani. Akajikaza, akashuka tena, mpaka akahisi waya za brashi zinapapasa ngozi ya dramu kama mkono unaotafuta miwani juu ya meza.

Hatua zikarefuka. Mkewe akageuka, sketi ikafuata, akapita mbele yake kwa hatua ambayo Radi hakujua kama mwanamke yule anayo. Binti akaingia na sauti yake nzito, naye hakuhitaji kupaza. Msichana mmoja aliyekuwa karibu na ukuta akazivua hedifoni kabisa, akaziweka juu ya meza, akasogea.

"Bibi, hapo mguu unakwenda wapi?"

"Unarudi nyuma. Usiuvute kama gunia, uache wenyewe ufuate."

"Hivi?"

"Hivyo ni kukanyaga mende. Tazama tena."

Mwenzake akaja, na kijana mwingine, halafu wawili walioshikana mikono kwa woga kama wanaovuka barabara kubwa. Wimbo ulipokwisha, Bosi Mdogo alikuja mpaka jukwaani, akamwambia binti jambo. Binti akaja kuinama usoni kwa Radi.

"Amesema tupige na Jumamosi ijayo."

"Na ile nyingine?"

"Amesema tuanze na ijayo."

"Mkono wa birika, kama baba yake," Radi alisema, lakini meno yote yalikuwa nje. "Mwambie nimekubali. Nini tena?"

"Amesema hakujua kama unaweza kunong'ona."

"Hata mimi sikujua. Haya, hesabu."

Wimbo wa pili ukaanza, na wachezaji wakamzunguka Mama Tiketi. Viatu vya michezo, makobazi, visigino virefu, vyote vikapita mbele ya jukwaa, mpaka vile viatu vyeusi vya mikanda vikamezwa, Radi asivione tena. Akashtuka. Akanyoosha shingo kushoto, akanyoosha kulia. Nusura aache kupiga. Kisha akatulia, akaitazama miguu yote kwa pamoja, kwa kuwa hakuwa na mingine ya kutazama, na yote, hata ya wale wanaojifunza, ilikuwa inakwenda kwa hatua ndefu.