Ndama Aliyezaliwa Njiani

Baba alikuja Karatu kutoka Malambo kunipa jibu. Nilikuwa nimepata kazi kwenye ranchi moja ya mbali, kule wanakochunga ng'ombe juu ya farasi, na bila ruhusa yake nisingeweza kwenda. Mimi farasi nilikuwa nawaota hata mchana. Kwa hiyo kabla hajasema neno nikamketisha mbele ya runinga ya dada yangu, nikaweka sinema ya zamani ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Hata mimi nilikuwa sijawahi kuiona. Nilitaka tu aone raha yake.

"Mbona ng'ombe wote wamepakwa majivu?" akauliza.

"Ni ya zamani, Baba. Haina rangi."

"Sasa mtu atamjuaje wake?"

Dada akacheka, akamwongezea chai. Lakini farasi walipotimua vumbi, Baba akasogeza kiti mbele. "Eee! Huyu anajua kukimbia!" Nikajua hapo nimeshapita.

Kisha ng'ombe mmoja akazaa njiani. Bwana mwenye kofia akashuka kwenye farasi, akamwendea ndama, hata hajakauka. Nikaanza kutabasamu, maana kinachofuata nakijua: unamfunika shuka, unamweka mabegani, unatembea, na mama yake anakuja nyuma akimnusa. Nimebeba wengi hivyo.

Yule bwana akatoa bastola.

Nilipiga kelele. Chai ilinimwagikia mapajani, wala sikuisikia. "Amemuua?" Dada akauliza. "Jamani, kwa nini?" Msafara ukaendelea kama vile ameua nzi, mama yake ndama akilia nyuma. Machozi yakanitoka, mtu mzima mimi, mbele ya baba yangu.

Baba alikuwa amejiziba mdomo kwa shuka. Akaishusha.

"Huko unakokwenda, ng'ombe akizaa njiani wanafanyaje?"

Sikujua. Nilikuwa nimeuliza habari za farasi, za viatu, hata za kofia. Hilo sikuuliza.

"Piga simu."

Nikampigia msimamizi wa ranchi, nikaweka spika. Akacheka mpaka akakohoa.

"Ndama? Si anapanda pikapu, kaka! Anapakatwa na dereva, anamkojolea, dereva anatukana mpaka zizini."

Baba akainama kuokota fimbo yake.

"Nenda," akasema. "Lakini zima hicho kitu. Yule mama bado analia."