Sura ya Mama Ukutani mwa Saluni

Nilitaka kumchora mama akiwa ameketi barazani kwetu. Akafoka: “Ukinichora, wadogo zako watakula picha?” Basi nikaenda Kariakoo, kisha Magomeni, kuchora wanawake kwenye kuta za saluni, na wadogo zangu wakala, wakasoma.

Kila mwanamke, awe na misuko au nywele za dawa, alitoka na sura ya mama. Nyingine sikuijua kwa moyo.

Mama alipofariki, saluni zilishaanza kubandika mabango ya kuchapwa. Kati ya wanawake niliowachora akabaki mmoja tu, kwenye saluni ya Magomeni. Nilikuwa nazunguka mtaa wa nyuma ili asinione.

Jana mwenye saluni hiyo aliniita niupake ukuta rangi nyeupe. Nikaanza na mdomo, asije akaniuliza tena wadogo zangu watakula nini.